Aliyesoma Upepo Kabla ya Mvua

Ndugu, jamaa, majirani na mliofanya kazi na marehemu, familia imemtuma shemeji yake, kaka wa mjane, asimame hapa na kuwasomea maisha yake, kwa kuwa ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, na kwa kuwa wengine walipojaribu jana jioni hakuna aliyevuka mstari wa pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya matofali nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa nne wa mpiga kengele wa stesheni na mke wake fundi cherehani. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alizaliwa amekunja uso, macho dirishani, habari ambayo dada zake waliikanusha maisha yao yote, maana chumba kile hakikuwa na dirisha.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akaingia sekondari mwaka 1972, akafaulu vizuri sana jiografia na hesabu, na masomo mengine akayafeli kwa adabu, bila kumsumbua mwalimu yeyote. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha hali ya hewa, akahitimu stashahada Novemba 1979, na tarehe 2 Januari 1980 akaajiriwa katika kituo cha mkoa, kazi yake ikiwa kufungua kila baada ya saa tatu kile kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama uani, kusoma joto na unyevunyevu, kupima mvua kama ipo, na kufukuza mbuzi wa mlinzi.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na dada yetu, muuzaji wa duka la dawa, katika siku aliyoichagua yeye mwenyewe baada ya kupekua rekodi za miaka ishirini, akawahakikishia wakwe kwamba jua litawaka, na mvua iliyonyesha siku hiyo ilizamisha miguu ya viti vya kukodi mpaka mwenye viti akaja kuvichomoa kwa jembe. Baba mkwe alimwuliza kama hayo nayo yalikuwemo kwenye rekodi, naye akajibu kwamba huenda, na tangu siku hiyo ukoo wetu ukamwita Mzee Huenda, ingawa wakati huo hakuwa hata na mvi moja. Nyumbani ukimwuliza kama atakula, alisema huenda, baadaye kidogo.

Walijaaliwa watoto wawili, kifungua mimba wa kiume, aliyezaliwa 1988, ambaye ni fundi umeme na yuko nasi hapa, na kitinda mimba wa kike, aliyezaliwa 1994, ambaye ni dereva wa lori la saruji. Huyu binti baba yake alimpigia simu kila jioni akiwa safarini, amweleze upepo utakaomkuta mbele ya safari, naye alimjibu kwamba baba, huo upepo niko ndani yake tangu mchana.

Mwaka 1988 marehemu alihamishiwa chumba cha utabiri, akawa pia anasoma mwelekeo wa hali ya hewa redioni baada ya habari za jioni, kwa sauti kavu kama mkate wa juzi. Jioni ya tarehe 3 Oktoba 1995 alisoma kama utaratibu ulivyotaka, mvua kwanza, kwamba mvua za radi zinakaribia kutoka magharibi na zitafika kesho usiku, na mwishoni kabisa akataja upepo mkali utakaozitangulia na hatari ya moto. Watu waliposikia mvua walizima redio kwa furaha, na asubuhi wakaenda kuchoma mabua mashambani, wayawahi kabla hayajalowa. Upepo ulifika saa nane mchana. Mvua ilifika usiku, ikakuta mteremko mzima umeshakuwa mweusi, nyumba kumi na moja hazina paa, na bibi mmoja aliyerudi ndani kuchukua cherehani yake hakutoka.

Jioni iliyofuata marehemu alisoma hatari ya moto kwanza, upepo wa pili, mvua mwisho, na hakubadilisha tena. Mkuu wake alimwita, akamwambia watu wanataka kusikia mvua, unawaudhi, naye akajibu kwamba waudhike huku wanasikiliza, na kwa jibu hilo alipelekwa ghala la vipuri, akakaa huko akihesabu vipimajoto vilivyovunjika hadi mwaka 1999, alipokuja mkuu mwingine akamrudisha. Mara nyingi alitangaza upepo na upepo haukuja. Sokoni walimtania, wakamwuliza kama ameuficha chini ya kitanda, naye alinunua nyanya zake akaenda nyumbani. Alistaafu tarehe 30 Juni 2017.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa kwenda na kurudi, akalazwa tarehe 19 Agosti 2024, na Alhamisi tarehe 12 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, akafariki, mke wake akiwa amemshika unyayo, kwa kuwa mikononi mlikuwa mmejaa mipira ya dawa. Tangu hapo mjane amekaa kwenye kiti cha jikoni kama mtu anayesubiri kuitwa namba. Akiletewa chai anashukuru, akiulizwa anajibu, na chai inapoa.

Sasa inabidi tuwaeleze kwa nini tunazika saa nne asubuhi wakati tuliwatangazia saa kumi. Kitinda mimba aliacha lori mpakani akapanda basi, lakini barabara ya msituni imefungwa tangu juzi kwa hatari ya moto, basi limezunguka njia ndefu, na hawezi kufika kabla ya saa tisa. Jana jioni binti aliyerithi kiti cha marehemu ofisini alipiga simu, akasoma kwa mpangilio ule ule, kwamba hatari ya moto ni nyekundu, upepo unatazamiwa kuanzia saa nane, mvua za radi nyuma yake, usiku, kama zitafika. Nanyi mnaona hapa tulipo, nyasi kavu pande tatu, misonobari upande wa nne, na njia ya kushuka ni moja.

Baba mdogo wa watoto alisema tusubiri, mbingu ni safi, na maneno hayo ni ya yule binti wa ofisini, si ya marehemu. Mjane akanyanyua uso.

"Kamfundisha nani?" akauliza. "Miaka thelathini na saba naanua nguo kwa neno la mtu huyu, na nusu ya siku hizo haikunyesha. Leo ndiyo nianze kubisha?"

Alimpigia mwanawe mwenyewe, simu ikiwa wazi, sote tukisikia ngurumo ya basi.

"Mama, mzikeni," binti alisema. "Baba angewaambia msinisubiri, na mimi ningemnunia mwaka mzima. Mzikeni tu."

Tumeona jinsi mnavyotazama juu tangu mfike. Nasi tunatazama. Hakuna wingu, jani halitikisiki, na ikifika jioni hivi hivi, mjane atamfungulia binti yake mlango akiwa hana la kumweleza. Hilo analijua, na amechagua watu mia mbili washuke kilima wakiwa salama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, ambao hawakutudanganya, majirani waliokubali kupikia ndani bila kuwasha moto uani, na wafanyakazi wa kituo cha hali ya hewa, hasa aliyepiga simu, ambaye tunajua haikuwa rahisi kwake kuipiga. Magari yote yameegeshwa yakitazama chini, tafadhali ifikapo saa sita asibaki mtu hapa, na asiwepo wa kuwasha hata sigara.

Kitinda mimba ameomba jambo moja, kwamba tusiumalize udongo. Tumemwekea karai moja kando ya kaburi, atakuja kuumimina mwenyewe kesho asubuhi, na kaka yake ameshalifunika karai hilo kwa bati na kuweka mawe mawili juu yake, upepo usije ukauchukua.

Pumzika sasa kwa amani, shemeji, sisi tunashuka.