Wasifu wa Kimya, Aliyeingiza Bendi Nzima Katika Gitaa Moja

Marehemu, ambaye nyumbani, kazini na mtaani tulimwita Kimya, alizaliwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa baba fundi mwashi na mama mfuaji wa mashuka ya hospitali. Mama alikuwa akisimulia kwamba mkunga alimpiga makofi mawili mgongoni na mtoto hakulia. Alifungua tu macho, akatazama dari. "Huyu amekuja kusikiliza," mkunga akasema. Jina likaanzia hapo. Baba, mpenda methali, alituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Tulisubiri mshindo huo miaka na miaka. Marehemu akaendelea kuwa mtu wa maneno machache, mwepesi wa kucheka na mzito wa kujibu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968, akamaliza shule ya msingi mwaka 1974, na Januari iliyofuata akaingia sekondari ya ufundi, bweni. Mlinzi wa bweni hilo alikuwa na gitaa kuukuu lililobakiwa na nyuzi nne kati ya sita. Marehemu alijifunza kwa hizo hizo nne, kila jioni kabla ya kengele ya chakula, kwa miaka minne. Alipopata gitaa lenye nyuzi zote, alikaa nalo wiki nzima akilishikashika tu. Kaka yake alipomuuliza ana nini, alijibu, "Ni kama kuhamia nyumba ya vyumba sita. Sijui kitanda nikiweke wapi."

Januari 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, fundi wa cherehani za umeme, na hapo alikaa miaka thelathini na minane bila kuhamishwa hata idara. Wanawake wa sehemu ya kola walikuwa na mchezo wao. Walikuwa wakiweka sindano iliyopinda kidogo kwenye cherehani moja kati ya arobaini, wanaziwasha zote, halafu wanamwita. Marehemu alikuwa akipita katikati ya kelele zile mikono mfukoni, anasimama penye sindano mbovu, anasema, "Mama, hii inalia." Hakuwahi kukosea. Wenyewe walisema mume wa namna hiyo ni hatari, atasikia hata unachowaza.

Mmoja wao hakuogopa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1988. Novemba mwaka uliofuata Mungu aliwajalia mtoto wa kiume, na mwezi Juni 1990 akamchukua, akiwa na umri wa miezi saba, kwa homa ya uti wa mgongo iliyomaliza kazi yake kwa siku mbili.

Shemeji yetu ametupa ruhusa ya kulisema hili. Alikuwa na wimbo wa kumbembelezea mtoto, aliourithi kwa mama yake. Baada ya mazishi hakuweza kuuimba, wala kuvumilia mtu mwingine auimbe. Maneno yake yalikuwa yanamchoma. Miezi mitatu nyumba ile haikusikika hata mluzi. Siku moja marehemu alirudi kutoka kazini, akakaa kwenye kigoda jikoni, akaupiga wimbo ule kwa vidole, wote, sauti na mwitikio wake, bila neno hata moja. Alipomaliza aliogopa kuinua uso. Mkewe alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. Akasema, "Rudia. Ila usiniambie maneno."

Huo ndio wimbo wa kwanza aliouhamisha. Kuhamisha ndilo neno alilolitumia. Kidole gumba kilibeba besi kwenye nyuzi nene, vidole viwili vya katikati vilijaza mwendo, na kwenye uzi mwembamba kabisa aliiweka sauti ya mwimbaji. Alikuwa na daftari la mistari, na wimbo mmoja ungeweza kumchukua miezi minne. Alisema kazi si kuongeza, kazi ni kujua nini ukiache bila mtu kugundua kuwa hakipo.

Tangu mwaka 1983 alikuwa akipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya kaka yake, aliyekuwa mtunzi na mwimbaji. Bendi ilivunjika mwaka 1991, mpiga besi alipofariki na mpiga ngoma kuhama mji. Wengine tuliweka vyombo chini tukatafuta riziki kwingine. Marehemu alianza kuzihamisha nyimbo za bendi, moja baada ya nyingine. Kaka yake alimcheka mbele za watu. "Wimbo bila mwimbaji ni harusi bila bibi arusi," alimwambia. Marehemu akajibu, "Mwimbaji yumo, kaka. Sikiliza uzi wa chini, ule mwembamba." Kaka yake hakusikiliza.

Dada yetu alishauri sehemu inayofuata irukwe. Alisema wasifu ni wa marehemu, si mahali pa mtu kuja kujisafisha. Mjane akasema, "Isomwe." Basi inasomwa, na anayeisoma ndiye kaka mwenyewe.

Julai 2010 kituo cha redio kilimwalika marehemu apige nyimbo mbili kwenye kipindi cha asubuhi. Mtangazaji akautambulisha wimbo wa kaka yake kama utunzi wa marehemu. Jumapili ya tarehe 18 kaka yake alifika nyumbani kwake wakati familia iko mezani. Hakusalimia mtu. Alisema, "Umeniibia sauti, sasa unaniibia na jina." Marehemu alisimama kumpisha kiti. Kaka yake akalichukua gitaa lililoegemea ukutani, akalipiga kwenye kizingiti cha mlango mara mbili, hadi shingo ikatoka. Binti wa marehemu, wakati huo akiwa na miaka kumi na sita, alipiga kelele. Marehemu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Kaka, ungeniuliza."

Wiki iliyofuata mtangazaji aliomba radhi hewani. Marehemu alikuwa ameandika jina la mtunzi kwenye fomu, kwa herufi kubwa. Ni yeye mtangazaji ambaye hakuisoma. Kaka yake aliisikia radhi hiyo kwa masikio yake mwenyewe, akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Alijua palepale kwamba amekosa. Kutoka pale kwa kinyozi hadi nyumbani kwa mdogo wake ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Ilimchukua miaka kumi na miwili.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya kustaafu. Asubuhi moja kidole gumba cha mkono wa kulia kilishindwa kufunga kifungo cha shati. Alidhani amelalia mkono. Baada ya miezi ya vipimo daktari wa mishipa ya fahamu aliwaketisha yeye na mkewe, akawaambia kwamba misuli itakufa mmoja mmoja, kuanzia mikononi hadi ya kumeza na ya kupumua, na dawa ya kuizuia hakuna. Marehemu aliuliza swali moja: "Kinachofuata ni kidole gani?" Daktari alisema hakuna anayejua.

Basi akarudi kwenye madaftari. Gumba liliposhindwa, besi akaikabidhi kidole cha shahada, akazipanga upya nyimbo zote kwa vidole vitatu. Mwaka 2020 zikapangwa kwa viwili. Katikati ya mwaka 2021 alikuwa anapiga kwa kidole kimoja, noti moja moja, na siku moja akaomba gitaa liondolewe chumbani. Mkewe alilipeleka kwa jirani ili asilione. Kuanzia hapo alihamisha nyimbo kichwani, akimtajia binti yake uzi upi, mahali gani shingoni, kidole kipi. Binti hajui kupiga gitaa. Aliandika kama mtu anayeandika lugha ngeni. Ulimi nao ukaanza kuwa mzito. Sentensi moja ikawa inachukua dakika nzima, na mara nyingi binti alilazimika kusema, "Baba, samahani, sijakuelewa."

Muda wote huo dada yetu alikuwa akimpigia kaka yake simu. Mara ana safari, mara ana mafua asije akamwambukiza mgonjwa. Mwishoni mwa Septemba 2022 dada alimwambia, "Mimi sikubembelezi tena. Ukitaka kumkuta, njoo. Usipotaka, utaitwa kubeba jeneza." Akakata simu.

Kaka alifika Jumapili, tarehe 2 Oktoba. Shemeji alifungua mlango, akasema, "Vua viatu." Marehemu alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, shingo imeegemezwa mito miwili. Mikono iko mapajani, imebaki ngozi na mifupa. Kaka yake alipiga magoti akaanza kuomba msamaha, maneno mengi, kama kawaida yake. Marehemu alimsikiliza mpaka akaishiwa. Kisha akasema jambo ambalo binti alilazimika kulirudia ili lieleweke:

"Wimbo wa mama. Ubeti wa pili. Unapumua wapi?"

Wimbo wa mama ni ule ambao kaka yake aliutunga mama alipofariki mwaka 1986. Marehemu alikuwa amehamisha nyimbo arobaini na tano, na huo ulikuwa umemshinda. Katika ubeti wa pili mwimbaji anakata pumzi katikati ya mstari, na marehemu hakukumbuka ni kabla ya neno gani. Hakuna kanda iliyobaki. Miaka kumi na miwili alikuwa ameacha nafasi tupu kwenye daftari.

Kaka yake naye hakukumbuka. Ilibidi aimbe, na alikuwa hajaimba kwa miaka tisa. Sauti ilitoka kama mlango wenye kutu. Marehemu, macho yamefumbwa, akasema, "Rudia." Mara ya tano pumzi ikakatika yenyewe, kabla ya neno "mikono." Marehemu alifumbua macho. "Hapo," alisema. Binti akaandika.

Walifanya kazi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi na moja. Mmoja akiimba mstari, mwingine akiutafutia nyuzi, binti akiandika. Hawakuzungumzia gitaa lililovunjwa. Alhamisi marehemu alicheka, kaka yake alipoimba juu mno akakohoa. Ijumaa walimaliza ubeti wa pili. Ulibaki wa tatu.

Jumamosi alipaliwa na maji akapelekwa hospitali. Kaka yake alikaa kitandani pake, akamuuliza kama aimbe. Marehemu alitikisa kichwa kukataa. Alikuwa anahitaji nguvu zote kwa ajili ya kupumua. Aliaga dunia Jumapili, tarehe 9 Oktoba 2022, saa moja na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja.

Madaftari manne yapo kwa mjane. Katika familia hakuna anayejua kuyapiga. Yeyote aliyepo hapa anayejua, anakaribishwa kuja kuyaona; atapewa kiti na muda. Ubeti wa tatu hautajazwa na mtu. Hilo tumekubaliana.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja, mjukuu wa kike mwenye miaka minne, dada mmoja, na kaka mmoja, mkubwa kwake kwa miaka mitatu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili ya kumuuliza akatumia siku saba.

Mungu akupe mapumziko mema, mdogo wangu. Nisamehe.