Mama Philomène na Karindula Iliyo Ndani ya Gunia

Ndugu wa familia, majirani wa Shituru, wakristo wenzangu, na ninyi wapigaji wa muziki na wachoraji mliosimama kule nyuma kana kwamba hamkualikwa: poleni sana. Mimi ni Séraphin, mdogo wake marehemu, karani mstaafu. Programu mliyoishika mkononi niliiandika mimi, lakini si yote niliyoandika yaliyochapishwa. Marehemu aliacha ombi moja tu kuhusu mazishi yake, kwamba Éphraïm ampigie karindula, ile banjo ya mkebe, hapa kaburini. Familia ilikaa juzi, ikakataa. Éphraïm yule pale karibu na ukuta, na chombo chake kiko ndani ya gunia. Nitasoma maisha ya dada yangu yote, yaliyochapishwa na yaliyokatwa, na naomba mnivumilie.

Marehemu Mama Philomène Kapinga alizaliwa hapa Likasi, mtaa wa Shituru, tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa baba yetu aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, na mama yetu aliyemfuata kwa treni mwaka mmoja baadaye. Tulikulia katika nyumba ya kampuni, vyumba viwili na baraza, na moshi wa kiwanda ukituingilia hadi kwenye sahani. Lugha ya Kasai tuliisikia kwa wazazi. Barabarani tulisema Kiswahili kama kila mtu, na hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, kisha akajifunza ushonaji, akamaliza mwaka 1976. Sista aliyemfundisha alimwambia baba kwamba Philomène ana mkono mzuri kuliko wote darasani, ila anaimba hata wakati wa sala ya kimya. Baba alimgombeza. Usiku wa siku hiyo nilimsikia akiimba chini ya blanketi, na nilipomwambia anyamaze alinifinya.

Kazi yake ilikuwa cherehani. Alishona sare za shule, nguo za arusi na mapazia. Lakini wachoraji wa mji huu walimjua kwa kitu kingine. Wao huchora juu ya magunia ya unga wa ngano, na gunia moja ni dogo. Philomène aliyanunua kwa waoka mikate, akayafua mpaka maandishi yakatoka, akayaunga kwa mshono usioonekana ukishapakwa rangi. Mchoraji akija kuchukua kitambaa, hakumruhusu kuondoka kabla hajamwambia anataka kuchora nini. Akirudi na picha, aliitazama kwanza upande wa nyuma, kuona kama mshono wake umeshika.

Aliolewa na Athanase, mfanyakazi wa reli, tarehe 20 Juni 1981. Athanase alikuwa mtu wa maneno machache, na watu waliona ajabu wawili hao kukaa nyumba moja. Walipata Gauthier mwaka 1985 na Christiane mwezi wa pili 1992.

Hapa programu yenu inasema: "Mwaka 1992 marehemu alihamia Mwene-Ditu pamoja na familia yake." Dada yangu hakuhama. Alifukuzwa, sawa na sisi sote wenye majina ya Kasai, mwaka ule wenyeji waliposema jimbo hili si letu, na wengi wenu mliosimama hapa mlikuwepo, kila mmoja upande wake. Sisemi haya ili kumnyooshea mtu kidole kaburini. Nasema kwa sababu nikiyaruka haya sitaweza kuwaeleza yule bwana wa gunia amekuja kufanya nini.

Tulilala kwenye stesheni ya Likasi tukingoja treni, familia juu ya familia, mvua ikitunyeshea. Vijana walikuwa wakipita barabarani wakituimbia nyimbo za kututaka turudi kwetu. Mwezi wa kumi na moja surua ikaingia. Christiane alikufa tarehe 19 Novemba, ana miezi tisa. Tulimzika haraka, bila wimbo na bila kulia kwa sauti, maana tuliogopa kelele zingetuletea watu. Philomène, aliyeimba hata wakati wa sala ya kimya, alifunga mdomo kwa kitambaa chake. Naiona sura ile mpaka leo, na inaniuma.

Kesho yake akaja kijana mmoja wa mtaa wetu, si mtu wa Kasai, na banjo kubwa ya mkebe wa mafuta na ngozi ya mbuzi. Alisimama nje ya uzio akaanza kupiga karindula, na karindula sisi tuliijua ni ya pombe na kucheza. Tukaona amekuja kutucheka. Philomène aliinuka, akashika kikombe chake cha bati na kumtupia kwa nguvu zake zote. Kilimpata juu ya jicho, damu ikashuka. Yule kijana hakukimbia. Alipiga hadi mwisho, kisha akaokota kikombe, akaenda nacho.

Alirudi siku iliyofuata, kichwa kimefungwa kitambaa, na kikombe kimeoshwa. Alisema, "Mama, nasikia mulizika mutoto kimya. Kwetu habazikake muntu kimya. Ile nilipiga jana ilikuwa ya mutoto, haikuwa ya kuwacheka." Philomène alipokea kikombe, akakaa chini kwenye matope, na hapo ndipo alipomlilia mwanawe kwa mara ya kwanza. Kijana huyo ndiye Éphraïm. Kovu analo, mnaweza kumwangalia.

Treni ilituchukua hadi Mwene-Ditu, kule Kasai, Januari 1993. Deborah alizaliwa huko mwaka 1996. Mwaka 2001 Philomène alimwambia Athanase kwamba yeye amezaliwa Shituru na atazeekea Shituru, na wakarudi. Kabla hata ya kutafuta nyumba alimtafuta Éphraïm. Alimkuta kwenye machimbo ya Kakanda akichimba, amemuuzia mtu banjo yake. Alimshonea mkanda wa banjo mpya kabla hiyo banjo haijapatikana, ili aone aibu ya kukaa na mkanda mtupu. Éphraïm aliona aibu, akatengeneza nyingine.

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile mnayoiita Dimanche ya Mama Philo. Kila Jumapili baada ya misa alitundika picha kwenye kamba ya nguo uani, kwa vibanio vya nguo, na mlango ukawa wazi. Sharti lilikuwa moja: ukija mara ya pili, uje na mtu ambaye sisi bado hatumjui. Éphraïm alimleta fundi wa kugonga shaba. Yule wa shaba akamleta mchongaji wa malakiti, lile jiwe la kijani, na mchongaji akaleta mama mzee wa Kasai anayejua kasala, zile sifa za ukoo, ambaye majirani zake hawakuwahi kumsikia akifungua mdomo. Mtu akimuuliza Philomène anamlipa nini Éphraïm kila Jumapili, alijibu, "Minye nilishaka kumulipa mbele, na kikombe." Wote wawili walicheka, Éphraïm akishika kovu.

Athanase alifariki mwaka 2011, na Jumapili ile tu kamba ilikaa bila picha. Miaka hii ya karibuni maneno ya zamani yameanza kusikika tena mjini, mnajua. Mwaka 2023 tulikuta mtu ameandika kwenye geti lake: RUDINI KWENU. Gauthier alileta rangi akafuta. Mama yake aliogopa, sitaficha, alikaa siku kadhaa hashoni. Jumapili ilipofika akafungua geti lilelile.

Shinikizo la damu lilimpata mwaka jana, na Desemba akapooza upande wa kulia. Aliposhikwa tena, mwezi wa kwanza, alipoteza sauti. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutuambia, mimi na watoto wote wawili, kitandani: "Musinizike kimya, sawa vile tulizika Christiane. Éphraïm njo atapiga." Siku za mwisho alikuwa akigonga chuma cha kitanda kwa vidole vya mkono wa kushoto. Muuguzi alidhani anaomba maji, akamletea. Alifariki hospitalini hapa Likasi, Jumanne tarehe 4 Februari 2025, alfajiri, Deborah akiwa pembeni yake.

Kwenye kikao cha juzi Gauthier aliniambia mimi mjomba wake, "Tonton, ile ni ngoma ya balevi, kanisa yetu haiwezi kuikubali. Na bandugu yake njo balitufukuza. Minye nilikuwa pale." Ni kweli, alikuwa pale, ana miaka saba, na alishika mkono wangu wakati tukimzika dada yake. Sina haki ya kumwambia asahau. Wazee wakaona bora amani, nami nikanyamaza.

Lakini jana nilikitafuta kile kikombe nyumbani, nikakikosa. Deborah ndiye aliyeniambia. Gauthier, mwanangu, ulikiweka wewe mwenyewe ndani ya sanduku, mkononi mwa mama yako, ukidhani hakuna anayekuona. Basi unajua ninachojua mimi. Mimi ni manseba wako, kaka wa mama yako, na kwetu manseba hakatwi neno kaburini. Sikugombezi. Nakuomba usogee kidogo tu, umpe mtu nafasi ya kusimama.

Marehemu ameacha watoto wawili, Gauthier na Deborah, wajukuu watano, mimi mdogo wake, wachoraji na wapigaji wa Jumapili, na Éphraïm, ambaye programu ilimsahau. Ametanguliwa na mumewe Athanase, na Christiane anayemsubiri tangu 1992.

Éphraïm, toa chombo kwenye gunia, uje mbele. Anza na ile ya mtoto, maana siku ile mama yake hakuisikiliza. Kisha umpigie yeye, naye apumzike, dada yangu, kwa amani aliyoiomba.