Fundi Aliyerudi Nyumbani Ameoga

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye na sufuria motoni aendelee kukoroga, sauti itamfikia. Leo tunamkumbuka Boaz Wesonga, fundi wa visanduku vya mapambo. Boaz alizaliwa Kimilili, akaishi Kianda, Kibera, na kazi yake akaimalizia Kawangware. Alitengeneza visanduku vya pete, vya shanga, vya kuwekea Biblia ya harusi. Vilienda mbali. Lakini nyumbani kwake, kwa miaka mingi, hamkuwa na kisanduku hata kimoja. Hata cha kuwekea sindano.

Mkewe, Annet Nabalayo, ndiye aliyetusimulia. Mama Valary si mtu wa maneno mengi. Akiongea hutua, hugeuza kichwa kidogo, husikiliza. Nilidhani anasubiri mtu abishe hodi. Kumbe ni mazoea. Mama huyu amezoea kusikiliza pumzi.

Mwanzoni karakana ilikuwa ndani ya chumba chao Kianda. Chumba kimoja, pazia katikati. Upande huu kitanda, upande ule meza ya fundi. Boaz alinunua mabaki ya mbao nzuri kwa watengenezaji wa fanicha: mzeituni, mvule, siku nyingine kipande cha mpingo kisichozidi kiganja. Misumari hakuitaka. Kona za kisanduku alizichonga meno kwa patasi, meno ya ubao huu yakaingia katikati ya meno ya ule, gundi kidogo, basi. Kisha msasa mkali, msasa laini, msasa laini zaidi, mpaka mbao iteleze. "Alikuwa anaipapasa akifunga macho," Annet anasema. "Namwambia, Baba Valary, mimi mwenyewe hujawahi kunipapasa hivyo."

Mvule ndio alioupenda kuliko mbao zote. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Mvule.

Binti yao Valary alipoanza kutembea, kifua nacho kikaanza. Mtoto anacheza, mara anasimama, mabega yanapanda, kifuani kunalia mluzi. Annet akawa mtu wa kusikiliza tu. Anafua, anasikiliza. Anamenya viazi, anasikiliza. Kanisani mahubiri yalimpita, maana sikio lilikuwa kwa mtoto. Muuguzi wa kliniki aliwapa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akauliza wanapika na nini. Stovu ya mafuta taa, Annet akajibu. Muuguzi akamshauri aitoe nje.

Hapo lawama ikapata pa kukaa. Annet akapikia nje, mtoto bado akapiga mluzi. Mama mkwe akapiga simu kutoka Kimilili kuuliza kama bado anapika ndani kwa siri. Jirani wa Annet, Mama Duncan, muuza mandazi wa mlango wa pili, alimwambia waziwazi, "Mama Valary, hiyo stovu itakumalizia mtoto." Annet mwenyewe akaanza kuamini. Na Boaz? Boaz alikuwa nyuma ya pazia, anapiga msasa.

Krismasi ilipokuwa inakaribia, Boaz akafunga vifaa vyake kwenye gunia. Alikuwa amepata kibanda cha mabati Kawangware, nyuma ya nyumba ya mteja wake, mwenye ploti aitwaye Dedan. "Hapa nafasi imekuwa kidogo," akamwambia mkewe. Meza ikatoka, mbao zikatoka. Valary akapata mahali pa kukimbia, na kweli akakimbia. Majirani wakasema, umeona sasa, tangu stovu itoke nje. Annet akaogopa kuirudisha ndani. Masika yote alipika nje, gunia kichwani, mvua ikidondoka ndani ya ugali.

Jioni tu ndipo palikuwa na shida. Baba akiingia, mtoto anamrukia shingoni, na muda si muda mluzi unarudi. Boaz akaanza kumkwepa. Anamsogeza binti yake kwa mkono, anapita. Mtoto analia. Annet hakuelewa. Halafu likaja jambo jingine. Boaz akaanza kurudi nyumbani ameoga.

Wasikilizaji wapendwa, nyinyi ni watu wazima. Nywele zina maji. Shati ni safi. Mtu ananukia sabuni, na si sabuni ya nyumbani kwake. Mama Duncan aliliona kabla ya mtu kumwambia. "Fundi wa mbao anarudi akinukia sabuni? Hiyo kazi iko na bafu? Mimi sijasema kitu, Mama Valary. Nauliza tu."

Annet akamuuliza mumewe. "Ni joto," Boaz akajibu. Ilikuwa Julai.

Sasa alikuwa na hofu mbili. Mtoto amepata nafuu, na sasa hata akimrukia baba yake jioni kifua kimetulia. Lakini baba mwenyewe anaenda. Annet alijiuliza kama ameruhusiwa kubaki na mmoja tu.

Basi alasiri moja akamwacha Valary kwa Mama Duncan, ambaye hakuhitaji kuelezwa safari ni ya nini, akatembea mpaka Kawangware. Geti la Dedan lilikuwa wazi kidogo. Akamwona mwanamke anavuka uwanja na karai la maji, mvuke unapanda. Mwanamke akalitua mlangoni pa kibanda, akagonga bati. "Baba Valary, maji."

Annet akasukuma geti, akaingia. Kilichomuumiza zaidi ni jina la mtoto wake kutoka kwenye mdomo ule.

Mwanamke akageuka, akamwona. "Unatafuta nani, mama?"

"Mwenye hayo maji."

Yule alikuwa Muthoni, mke wa Dedan. Alimtazama Annet kutoka juu mpaka chini, akaelewa, akacheka kidogo bila dharau. "Wewe ndio Mama Valary. Kuja ujionee. Huyu mtu amenimalizia sabuni na hataki kuniambia ni ya nini."

Boaz alikuwa ameshachukua karai, yuko nyuma ya kibanda na kaptula peke yake. Ovaroli yake ilining'inia msumarini, mbali. Alikuwa anajisugua kwa burashi ya nguo: nywele, masikio, shingo, kila kidole, chini ya kila kucha. Alijisugua mpaka Annet akatamani kumwambia aache. Kisha Boaz akainua macho, akamwona mkewe.

"Ni mvule," akasema. "Ni vumbi la mvule, Mama Valary. Haikuwa stovu."

Akamweleza. Aliposafiri Kimilili kumzika mjomba wake, Valary alikaa salama siku zote hizo. Aliporudi, akapasua ubao wa mvule, na kabla hajamaliza mtoto akaanza kupiga mluzi. Akaweka mvule kando, akafanya mzeituni. Kimya. Akarudia mvule. Mluzi. Ndipo akahama. Na alipoona vumbi linamfuata ndani ya nguo na nywele, akaanza kuoga kabla ya kurudi.

"Ulijua kabla ya Krismasi," Annet akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikapika kwa mvua. Mama yako ananipigia simu. Na wewe unajua."

Maji yalikuwa yanamtiririka Boaz usoni. "Niliogopa mtasema mimi ndio nilikuwa namuua."

"Walikuwa wanasema ni mimi."

Annet hakumsamehe siku hiyo. Aliniambia hivyo bila kupepesa macho. Walirudi Kianda pamoja. Lakini walipofika, Boaz hakuingia nyumbani. Alisimama pale bombani, wanawake wakiteka maji, akasema watu wote wasikie, "Haikuwa stovu ya Mama Valary. Ilikuwa mbao zangu." Kisha akampigia mama yake simu, akarudia maneno yale yale, wote wakisikia. Mama Duncan akakohoa. "Mimi nilikuwa nauliza tu," akasema.

Usiku huo stovu ilirudi ndani. Msamaha ulikuja polepole, na Annet aliujua ulipofika: siku aliponunua sabuni yeye mwenyewe na kumpa Boaz aende nayo Kawangware. Miaka yote iliyofuata Boaz alioga kwanza, ndipo akarudi nyumbani. Na hakuleta kisanduku hata kimoja. Valary alikua, akamaliza shule, bila kujua kazi ya baba yake inanukia vipi.

Mwezi uliopita Boaz alifariki. Kilichomchukua ni kifua, kifua chake mwenyewe. Kila tundu la ngozi alilikumbuka, pua yake akaisahau.

Kabla ya mwili kusafirishwa Kimilili, Dedan na Muthoni walifika Kianda na kisanduku walichokikuta kibandani. Cha mvule, kifuniko cha mzeituni, chini kimechongwa VALARY. Annet akawazuia mlangoni. "Kiache hapo nje." Akachukua kitambaa kibichi. Akafuta kifuniko, akafuta kona, jino kwa jino, ndani, chini. Akasuuza kitambaa, akarudia. Waombolezaji walisubiri. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha akampa binti yake. Valary, sasa mwanamke mzima, akakileta usoni, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Annet akageuza kichwa kidogo. Akasikiliza.

Hapakuwa na mluzi.

Mama Valary, Valary, na jamaa wote wa Wesonga kule Kimilili, tunasimama nanyi katika msiba huu. Mungu awashike mkono.

Nanyi mnaotoka kazini jioni hii na saruji, rangi au unga wa mbao mwilini, kung'uteni nguo nje kabla ya kumbeba mtoto. Na wewe unayejua kosa ni lako, na mwenzako ndiye anayelibeba, mwambie leo. Usingoje akufuate mpaka getini.