Macho Yaliyovunjikia Suneka

Mwalimu Celestine Nyanchama anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kufundisha Biolojia miaka thelathini na mmoja, mingi ikiwa hapa shuleni kwetu, kilimani Nyanchwa. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nimekaa meza moja naye muda wote aliokuwa hapa, kwa hiyo nikitia chumvi nivumilieni.

Mapenzi yake ni trilobaiti, jamaa za kaa na kamba waliotoweka baharini kabla hata ya dinosau. Bahari ya wapi, huku Gusii? Yeye hakujali. Aliwapeleka wanafunzi mtoni wakamtazame kaa akijizika topeni, macho tu yakichungulia. Kisha akawaonyesha picha ya trilobaiti mwenye macho juu ya vikonyo virefu, akawauliza aliishi vipi. Jibu hakulitaja ng'o! Walilisoma wenyewe kwenye mwili wa mnyama.

Makori, mchongaji wa kijiji cha Tabaka, alimchongea trilobaiti huyo kwa jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago. Lo! Bodaboda iliyokuwa ikimletea ikaingia shimoni karibu na Suneka, macho yote mawili yakakatika. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Yeye akaninunia siku nzima. Kesho yake akaingia darasani na kipofu wake, akauliza trilobaiti asiye na macho, maana wapo, aliishi wapi. Wengine wakasema kwenye kina chenye giza, wengine ndani ya tope. Ubishi huo ulifika hadi bwenini.

Mwaka jana presha ya macho ilianza kumpokonya nuru. Mwaka huu aliniambia anaogopa sana kuwaacha Kidato cha Nne njiani kabla ya mtihani. Tulimsihi apumzike, akakataa katakata. Beverlyne, kiranja wa darasa, akawa anamsomea kitabu, naye akifundisha huku akipapasa jiwe lake. Wiki iliyopita walimaliza mtihani, wote.

Katika somo la mwisho alituamuru tufumbe macho, jiwe lipite mkono kwa mkono, kila mtu aseme mnyama huyu aliishi vipi. Nami nilikuwepo, nyuma kabisa. Liliponifikia nilipapasa pale macho yalipokatika. Zamani palikwaruza, sasa pamekuwa laini kabisa kwa vidole vya wanafunzi. Nikajibu kwamba aliishi mikononi mwa watoto.

Mbuya mono, vema sana, Mwalimu. Asante kwa kila swali. Nenda salama, ule maisha, na jiwe ni lako, ondoka nalo.