Mjomba wa Meza ya Dirishani na Pigo la Pili

Baada ya miaka ishirini na sita ya kupokea simu za watu wasiotaka kuiona kesho, mwenzetu wa meza ya dirishani anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lake limo kwenye barua ya utumishi, lakini humu ndani ukimwita kwa jina hilo hageuki. Ni Mjomba. Wapigaji ndio walioanza, sisi tukadakia, na sasa hata msimamizi wetu humwamkia shikamoo kwanza ndipo amgombeze.

Mhariri wa jarida ameniomba mafanikio na vichekesho. Vyote vipo. Kuna pia jambo la tatu ambalo hakuliomba, na Mjomba mwenyewe ameniagiza niliandike bila kulipaka rangi.

Hakuja hapa kuomba kazi. Alikuja na ngazi, fundi wa nyaya, kutengeneza laini iliyokuwa ikikwaruza. Mpokeaji wa zamu alikuwa ametoka kidogo, simu ikalia, na fundi akaona ni ustaarabu kuipokea. Alidhani ni mwenzake anajaribu laini. Kumbe ni mama mmoja aliyekuwa ameshawaaga watoto wake moyoni. Mpokeaji aliporudi alikuta ngazi imeziba mlango na fundi amekaa sakafuni, akimweleza mama wa watu, kwa kirefu, jinsi anavyoogopa kupanda ngazi. Mama alikuwa anacheka huku analia. Hakukata simu mpaka dada yake alipofika kumchukua. Laini iliendelea kukwaruza, lakini kituo kilikuwa kimepata mtu.

Kabla yake tulikuwa hodari wa kuzungusha maneno. Tulimuuliza mtu kama ana "mawazo mabaya", kana kwamba kujiua ni tusi lisilotamkika mbele ya wakwe. Mjomba akasema hapana, jambo liitwe kwa jina lake. Unamuuliza mtu, unafikiria kujiua? Kisha unanyamaza, unamwachia nafasi. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, alituambia, linamtua mzigo. Wapokeaji wageni waliogopa kulitamka, basi akawafundisha kwa simu ya mazoezi, ile ya stoo, iliyounganishwa na meza zetu zote. Alijifungia humo akajifanya mpigaji. Aliigiza vizuri mno. Binti mmoja mgeni alitokwa na machozi, akakimbilia stoo kumpa pole, akamkuta anatafuna biskuti.

La pili alilotuachia ni kugonga. Wapo wanaopiga halafu ulimi unakataa. Hao Mjomba aliwaambia wasijisumbue kusema. Wagonge simu kwa ukucha, pigo moja ni ndiyo, mawili ni hapana. Kuna mazungumzo humu yaliyokwenda hivyo kwa muda mrefu, mtu mmoja akisema na mwingine akigonga, na yakaisha salama.

Hakulipenda neno "makundi" tunalofundishwa kwenye semina, ingawa alikiri kila mtu ana mlango wake wa kuingilia. Mkulima huanza na mvua. Mwanafunzi huanza na shida za rafiki yake, na rafiki huyo hana jina. Askari huanza na mzaha. Mama aliyejifungua juzi husema amechoka tu, kisha anaomba radhi kwa kutusumbua. Na wastaafu, hasa wanaume waliofiwa na wake zao, huuliza saa. Ati saa ngapi huko kwenu? Wana saa ukutani, wana saa mkononi. Wanachouliza, Mjomba alisema, ni kama kuna mtu. Somo hilo ni lake, na sisi sote tulilishika barabara kwa simu.

Mkewe alikuwa na malalamiko yake. Alidai kwamba hata akimwita mezani, mume hujibu, "Nipo, nakusikiliza." Mwaka juzi tulimzika mama yule. Mjomba akarudi kazini kabla wageni wa msiba hawajamaliza kuondoka, akavuta kiti, akapokea simu. Tulimsifu sana. Tukasema huyu mzee ni chuma. Jamani, sisi, watu tunaolipwa kusikiliza.

Barua ya kustaafu kwake ilipobandikwa ubaoni, simu ya kimya ikaanza.

Ilikuwa ikija alasiri, muda ambao jua linapiga vioo na mapazia tumeshayavuta, chumba kimekuwa cha manjano na kila mtu ana usingizi kidogo. Kila mara ilikuja mezani kwangu. Meza zetu hazionyeshi namba, ndiyo ahadi yetu kwa wapigaji, kwa hiyo sikujua inatoka wapi. Nilisikia pumzi tu. Nikikaribisha, kimya. Nikisema gonga, kimya. Baada ya muda inakatwa taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Baadhi ya wenzangu walisema ni laini mbovu. Wengine, ambao siwataji kwa kuwa wanasali sana, walisema ni mpigaji wa zamani aliyetutoka, amesikia Mjomba anaondoka, amekuja kuaga. Tulicheka, lakini hakuna aliyetaka kukaa kwenye meza yangu.

Nyuma ya ile pumzi palikuwa na sauti nyingine. Wanaojua ofisi yetu wanaijua saa yetu ya ukutani, inachechemea. Hupiga mbili, huvuta mguu, hupiga mbili tena. Mjomba amegombana nayo miaka yote, na mafundi watatu wameshindwa. Sauti hiyo nilikuwa nikiisikia wakati wa simu ya kimya na sikushangaa, kwani saa iko juu ya kichwa changu. Alasiri moja kelele za barabarani zilizidi, nikaziba kwa kidole sikio lisilo na simu. Barabara ikazimika. Saa haikuzimika. Ikaendelea kuchechemea, humo humo ndani ya simu, karibu na ile pumzi.

Huyu mtu, popote alipo, anapumua mahali ambapo saa yetu inasikika.

Hapo ndipo nilipokumbuka asubuhi ile. Mjomba alipita mezani kwangu, akasimama chini ya saa hiyo hiyo, akaniuliza saa ngapi. Jana yake aliuliza. Mwezi mzima alikuwa akituuliza, mmoja mmoja, na sisi tulimtania kwamba macho yamezeeka. Nikageuka. Meza ya dirishani ilikuwa tupu, koti lake limening'inia kwenye kiti. Mlango wa stoo, ambayo ukuta wake ndio unaobeba saa, ulikuwa umefungwa.

Nimewauliza swali lile maelfu ya watu nisiowajua, sikuwahi kumuuliza mtu ninayekunywa naye chai.

"Mjomba," nikasema, "ni mimi mpwa wako. Unafikiria kujiua?"

Likaja pigo moja. Nililisikia kwenye simu, na nililisikia ukutani, nyuma ya saa. Nikasubiri la pili. Nilisubiri kwa roho yangu yote. Halikuja.

Kwetu mtu haachi laini, hata kama mpigaji yuko hatua chache kutoka kwako, kwa sababu uzi huo ndio alioushika. Kwa hiyo sikunyanyuka. Nilimpungia msimamizi mkono, nikamwonyesha stoo kwa kidole. Niliendelea kusema. Nilimwambia nimeelewa kuhusu ile saa anayouliza. Nilimwambia tumekuwa viziwi, na kwamba ninaona aibu, na siendi popote. Ndipo akasema, kwa sauti ile aliyowafundishia wageni, ila safari hii haikuwa maigizo, "Saa ngapi, mpwa?"

Nikamwambia ni saa ya kukaa hapo hapo na mimi.

Msimamizi hakubisha hodi kwa kishindo. Alifungua mlango polepole, akaketi juu ya maboksi kando yake. Nilijua ameketi kwa sababu kwenye simu pumzi zikawa mbili. Tulikaa hivyo, watatu kwenye laini moja, mpaka binti wa Mjomba, ambaye wenzetu walimpigia, alipokuja kutoka kazini, na hata alipofika, Mjomba hakutaka kuwa wa kwanza kukata.

Sasa anaishi kwa binti yake. Anaonana na daktari na mshauri, na analalamika kwamba mshauri ni kijana na anamuuliza maswali yale yale aliyotufundisha, tena kwa mpangilio mbaya. Tumefurahi mno kusikia analalamika. Zipo alasiri nzuri na zipo mbaya, hatutawadanganya. Nilipomuuliza kama kweli nichapishe haya mbele ya wafanyakazi wote, alisema, "Nimewauliza watu miaka yote kwa sauti. Mimi niulizwe kwa siri?" Akaongeza kwamba wasomaji wa jarida hili nao watastaafu siku moja, na wengine tayari wameanza kuuliza saa.

Kamati ya sherehe, kwa mazoea, ilikuwa imeshamnunulia zawadi ya wastaafu, saa ya ukutani. Imerudishwa dukani. Badala yake ataondoka na kile kiti cha dirishani, kilichokwisha kuchukua umbo lake, na ambacho hakuna mwingine angekiweza.

Mjomba, asante kwa ngazi iliyoziba mlango. Asante kwa swali, na kwa kutufundisha kunyamaza baada yake. Asante kwa lile pigo moja, maana ungeweza kukata simu. Wengine hutakiwa maisha mema, nasi tunakutakia maisha kwanza, mema yatafuata yenyewe. Kila alasiri mmoja wetu atakupigia, na atakuuliza vilevile ulivyotufundisha. Ukiwa huna la kusema, usiseme. Gonga tu. Tutakuwa tunasubiri pigo la pili.