Kikao cha Jumamosi, Kesi ya Ijumaa

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, wachungaji wetu, wazee wa kijiji, ndugu wapangaji wa Kawangware na Kibera, na wewe mwenye ploti, mwenye nyumba zetu za kupanga, uliyewahi kiti cha mbele: habari zenu.

Nimeombwa nifungue ofisi hii ya msaada wa sheria kwa maneno matamu. Mimi Mama Billy, mwenyekiti wa wapangaji, leo sina.

Mnamjua Seline Aketch. Ukuta wa ploti yake huyu, hapa mtaani 56, ulimwangukia akianua nguo, mguu ukaharibika. Tukafanya tulivyozoea: tukapeleka mambo kwa wazee. Na lazima nimsifu mwenye ploti, maana hakukosa kikao hata kimoja, na soda aliagiza yeye. Kila mara aliomba tumpe muda, tuyamalize kama watu wa nyumba moja. Nasi tukaenda tukiambiana kesi ya Seline inaendelea. Kesi gani? Siku tuliyofika kortini, miaka mitatu ilikuwa imepita, na wakili wa huyu mvumilivu wala hakubishana kuhusu ukuta. Alisema tu tumechelewa, na hakimu akaitupa. Leo Seline anatembea kwa mkongojo huko Kibera, halafu mimi naambiwa nipunguze hasira!

Sikieni basi. Ukiumizwa kwa uzembe wa mtu, una miaka mitatu. Ukichafuliwa jina, mwaka mmoja. Aliyekuumiza akiwa ni serikali, mwaka mmoja pia. Mkataba ukivunjwa, sita; ardhi, kumi na miwili. Kikao cha wazee hakisimamishi hata siku moja ya hiyo. Nani alitutangazia haya kanisani? Nani barazani?

Na bado hatujakoma. Makau, fundi wa viatu, yule pale nyuma, alivunjwa bega na geti la ploti hiyohiyo. Miaka yake mitatu inaisha kesho, Ijumaa. Jana mwenye ploti alimwitia kikao cha wazee. Lini? Jumamosi! Naye Makau akaniambia, "Mama Billy, wacha tuwaheshimu wazee kwanza."

Waheshimu, Makau, lakini Jumamosi hutakuwa na kesi ya kuwaeleza. Wakili Nasipwondi yuko chumba hicho cha pembeni, kompyuta ya kufungulia kesi imewashwa, anakungoja wewe.

Wageni wetu, asanteni kwa kuja na kwa kunisikiliza. Makau, wewe usinisikilize tena. Inuka, uende ufungue kesi.