Danylo Hrynkiw: Misimu Kumi na Mmoja Chini ya Mpira

Tulikuwa bado barabarani, theluji pande zote, dereva aliponionyesha kuba la kanisa hili na kusema, "Pale ndipo kwao Danylo." Nilikuwa sijawahi kufika Zelena, kijiji hiki cha wahamiaji wa Ukreni. Shemeji yangu nilimfahamu hotelini, kwenye viwanja vya ndege na jikoni kwa dada yangu Maryse, mkewe. Familia imeniomba niyasome maisha yake kwa sababu, kama alivyosema mama yake, mimi ndiye pekee nisiyelia kwa Kiukreni.

Marehemu Danylo Hrynkiw alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika hospitali ya Yorkton, Saskatchewan. Alikuwa mtoto wa pili na mvulana pekee wa marehemu Petro na Bi. Stefania Hrynkiw, wakulima wa ngano na kanola. Alibatizwa hapa hapa, majira ya kuchipua, na inasemekana alimpiga padri teke.

Alianza masomo shule ya Zelena, ambayo siku hizi ni ghala la mbolea, kisha akaendelea na sekondari katika mji wa jirani. Wavulana walikuwa wachache mno hata timu ya futiboli yetu ya Kanada, ile ya kubeba mpira mikononi na kugongana, iliingiza uwanjani wachezaji sita badala ya kumi na wawili. Katika uwanja mpana kama huo kila mmoja alilazimika kukimbia sana na kugonga sana. Ijumaa moja alivunjika mtulinga. Jumamosi akapanda mashine ya kuvunia kama kawaida. Baba yake alimwuliza kama anaumwa. "Upande huu tu," alijibu, akaendelea kuvuna. Alihitimu Chuo Kikuu mjini Saskatoon mwaka 1994, shahada ya elimu ya michezo.

Mwaka huo huo alichaguliwa kucheza futiboli ya kulipwa. Hakuwa mwepesi wa kutosha kudaka pasi, wala mzito wa kutosha kuzuia. Lakini ligi inadai kila timu iwe na Wakanada wake, na makocha huwapa Wamarekani kazi ya kubeba mpira, Wakanada wakawapa kazi ya kuukimbilia unapopigwa teke. Danylo aliingia uwanjani mpira ulipopigwa teke tu, akatoka baada ya mgongano. Alifanya kazi hiyo misimu kumi na mmoja, katika timu tatu. Katika muda wote huo aliushika mpira mara mbili, zote kwa bahati mbaya.

Ninyi mliokulia hapa mnaijua kazi hiyo. Unakimbia urefu wa uwanja kwa kasi yote uliyonayo, mpira uko angani juu yako, na mdakaji amesimama macho yakitazama mbinguni. Kwetu Kanada mdakaji hana ruhusa ya kuinua mkono akaomba asiguswe. Anachopewa ni yadi tano tu: hakuna anayeruhusiwa kumsogelea zaidi ya hapo mpaka aguse mpira. Wengine walipunguza mwendo walipofika kwenye yadi hizo. Danylo alijifunza kuuhesabu mpira unavyoshuka, ili mguu wake uvuke mpaka ule mara tu mikono ya mdakaji inapougusa mpira, bila kupunguza mwendo hata kidogo. Alivunja mbavu za watu. Alivunja goti la mtu mjini Calgary, na mlio wake ukasikika majukwaani. Mara chache mno refa alimrushia kitambaa cha kosa. Watu wa Zelena walikuwa wakikodi basi kwenda kumtazama, na hapa kwenye ukumbi wa kanisa, kila alipomwangusha mtu kwenye televisheni, meza zilipigwa ngumi.

Naye aligongwa. Mpira wa kuanzia ulipopigwa, wapinzani watatu wakubwa walijipanga bega kwa bega kumlinda mbebaji, na kazi ya Danylo ilikuwa kujitupa katikati yao, kichwa kwanza, ili ukuta upasuke na mwenzake apite. Mwenzake huyo, Bw. Darnell Tisdale kutoka Alabama, yuko nasi leo. Jana alitusimulia habari ya Hamilton, mwaka 1998. Danylo alipigwa goti kisogoni akaanguka kifudifudi, vidole vikitetemeka kwenye nyasi. Wakambeba hadi benchi. Wachezaji hawa waliyajua maswali ya daktari, kwa hiyo kabla ya kila mchezo waliandika majibu kwenye glavu. Danylo alikuwa amevaa glavu za wiki iliyopita.

"Tuko wapi?" daktari alimwuliza.

Danylo akaichungulia glavu. "Edmonton."

"Tuko Hamilton, bwana."

"Ah, daktari, muonee huruma," Darnell akadakia. "Nani anataka kukumbuka yuko Hamilton?"

Benchi zima likacheka, daktari naye akacheka, na Danylo akarudishwa uwanjani. Kwenye teke lililofuata alivunja taya la mtu. Darnell alitusimulia haya akicheka, kisha akaiweka sahani yake chini.

Tarehe 3 Julai 1999 alifunga ndoa na Maryse Gaudet huko St. Boniface, Winnipeg, jicho moja likiwa limevimba likafumba. Mama yetu alininong'oneza, "Huyu ndiye anayempiga nani?" Nikamwambia, kila mtu, mama, kasoro sisi. Na kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Aliwaogesha watoto, alisuka nywele za binti yake Kalyna vibaya lakini kwa moyo wote, na aliogopa bata bukini kiasi cha kubadili njia. Alistaafu mwaka 2004, akafundisha shule ya sekondari.

Ugonjwa ulianza kuonekana mwaka 2013. Alisahau majina ya wanafunzi, kisha njia ya kwenda nyumbani. Hasira zilikuja bila kubisha hodi. Aling'oa mlango wa gereji. Alimtupa Markian, mwanawe, juu ya kochi kwa sababu ya redio. Mwezi Novemba 2019 alimbana Maryse kwenye mlango wa jikoni, akamvunja mkono, kisha akaketi sakafuni akiuliza nani amemuumiza mke wake. Maryse ameniagiza niyasome haya kama yalivyo. Danylo aliingia nyumba ya kutunzia wagonjwa mwaka 2021, na alifariki kwa nimonia tarehe 9 Januari 2024 mjini Saskatoon, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Akili yake ilipokuwa bado nzima alitia saini kwamba akifa, ubongo wake upewe madaktari wauchunguze. Mama yake hakutaka. Siku niliyofika, nilimkuta mezani na Maryse, mikono yao imejaa unga, wakikunja varenyky, vifuko vya unga vyenye viazi ndani, kwa ajili ya chakula cha mazishi ya leo.

"Mwanangu atafufuka na kichwa chake," Mama Stefania alisema.

"Mama, mkono huu haunyooki tena. Nataka kujua nani aliuvunja."

"Unamjua."

"Simjui, mama. Nililala na mtu mmoja miaka ishirini, halafu akaja mwingine. Kama ni ugonjwa, niambiwe. Kama ni yeye, niambiwe."

"Na wakikuta hakuna kitu?"

"Basi nitaishi na hilo."

Mama Stefania alikunja tatu au nne. "Wape," alisema hatimaye. "Mimi pia nataka kujua niliyemzaa."

Marehemu ameacha mama yake, Bi. Stefania, mjane, Maryse, watoto wawili, Kalyna na Markian, dada yake, Bi. Olena, na shemeji mmoja, mimi. Leo tunauzika mwili wake kando ya baba yake. Majibu ya madaktari hayatafika kabla ya mavuno, na Maryse atayasubiri hapa Zelena, chumba kimoja na mama mkwe wake.

Alhamisi tulisimama mlango wa nyuma wa hospitali, sanduku lenye ubongo wake lilipopakiwa garini kuelekea uwanja wa ndege. Mama Stefania aligonga kioo cha dereva.

"Barabara ina barafu," alimwambia.

"Najua, mama."

"Basi nenda polepole. Amegongwa vya kutosha."

Dereva akavua kofia. Gari likaondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, nasi tukabaki mlangoni.

Danylo, kumbukumbu yako iwe ya milele.